Kwa Shangazi Zuhura, Aliyewavisha Asumini Akina Mama wa Jericho

Mpendwa Shangazi,

Simu zetu hupokei. Ya Baba ulipokea mara moja, ukamsikia Mama akikohoa kwa nyuma, ukakata. Yangu inaita hadi inachoka yenyewe. Kwa hiyo nimeamua kukuandikia mbele ya watu, kwa sababu najua huko Voi mjukuu wako husoma kila kinachopita kwenye simu yake na kukusomea kwa sauti ukiwa unachambua mchele, na majirani zako wana masikio. Wakishasikia, watakuuliza. Na wewe tangu nikujue huwezi kulala na swali la jirani ambalo hujalijibu.

Ninaolewa, Shangazi. Ndiyo, mimi, Mwende wako wa saluni ya soko la Jericho, niliyevuka arobaini nikaanza kuitwa "mathe" na vijana wa mitumba. Harusi ni mwezi ujao. Kanisa limetangaza na hakuna aliyepinga, ingawa niliona watu kadhaa wakigeuka kuhakikisha kwamba ni mimi. Nataka uje. Hilo ndilo jambo lenyewe, na yote yanayofuata ni maneno ya kukulainisha.

Najua unachowaza. Unawaza, "Na mama yake je?" Nitafika kwa Mama. Kwanza niache nikumbuke vizuri, kwa sababu tangu uondoke sina mtu wa kukumbuka naye. Mama hukumbuka upande wake tu, na Baba anasema kichwa chake kimejaa barabara alizoendesha lori, hakuna nafasi ya kuweka ugomvi wa mke na dada.

Nakumbuka nyumba yako ya Majengo na ule ua wa nyuma ambamo watu wanne wakisimama, mmoja lazima aombe radhi. Pale ndipo ilipokuwa asumini yako, kwenye madebe ya mafuta ya kupikia, imepanda ukuta ikaenda hadi kwa jirani, na jirani akawa anadai kwamba maua yaliyovuka ni yake. Mama alinituma kwako kila likizo nikajifunze kupika pilau, kwa sababu, kama alivyosema, "Zuhura ana makosa mengi, lakini si kwa wali." Nilitoka Jericho kwa miguu na kikapu changu, na kabla sijafika mlangoni nilikuwa nimeshasikia ukicheka ndani. "Karibu, mtoto wa kaka," ulisema, kisha ukaninusa kichwa na kuuliza ni nani aliyenipaka mafuta ya kukaangia.

Alasiri ulinipa kibakuli tuchume tumba za asumini zikiwa bado zimefumba. Ulikuwa mkali sana katika jambo hilo. Ua lililokwisha kufunguka ulisema ni la jana, tumba la kijani ulisema ni la kesho, na mimi kila siku nilikuwa nachuma ya jana na ya kesho tu. Baadaye ulikaa mkekani na uzi, ukaunga asumini na majani ya rehani, ukafunga kikuba, kile kishada kidogo cha kubandika kifuani, cha kupelekewa bibi harusi au cha kuwekwa chini ya mto na mke mwenye sababu zake. Nilipouliza sababu gani, uliniambia, "Chuma maua."

Kule Jericho nako kulikuwa na shule nyingine. Mama alipanda mawaridi mbele ya nyumba, kwenye ndoo zilizotoboka, mekundu, yenye miiba ya kushika sketi ya mpita njia. Somo lake lilikuwa moja. "Mwanamke ni waridi," alisema. "Awe mzuri, sawa, lakini anayemgusa ovyo aondoke na damu." Alikuwa akinitazama mimi wakati huo, na sikuwa nimefika hata darasa la tano, na hakuna aliyekuwa na haja ya kunigusa isipokuwa jogoo wa jirani aliyekuwa na chuki nami.

Wewe ulisimama mbele ya ndoo zile ukasema, "Wifi, unapanda maua au unajenga kituo cha polisi?" Mama akakujibu, "Afadhali hiki kituo. Yako yananukia hadi barabarani. Mwanamke wa kunusika kabla hajaonekana, huyo ana jambo lake." Mlicheka wote wawili mpaka chai ikamwagika. Watu wamesahau kwamba mlikuwa mkicheka. Mlitukanana kwa maua kila Jumapili jioni, na nina hakika mlipendana kuliko mlivyowapenda waume zenu.

Unakumbuka mlivyowagawa majirani? Mama Shiru, wa nyumba ya pili kutoka kwetu, mlimwita alizeti, kwa sababu popote umbea ulipo shingo yake hugeuka bila kutumwa. Mwalimu wa kwaya mlimpa ua la plastiki, kwamba halinyauki wala halinukii. Mke wa mchungaji alikuwa yungiyungi, na aliyesema ni Mama, nakumbuka, si wewe. "Anapendeza sana," alisema, "na anatukumbusha mazishi." Nilipouliza mimi ni ua gani, Mama akajibu waridi bila hata kufikiri. Wewe ulinitazama kwa muda, ukasema, "Huyu bado ni majani. Mwacheni." Nilikununia wiki nzima.

Basi miaka ikapita nikabaki majani. Wenzangu waliolewa mmoja baada ya mwingine na wote niliwasuka mimi. Sidhani kuna bibi harusi wa Jericho ambaye kichwa chake sijakishika, na kila mmoja alipoinuka kwenye kiti alinilipa, akanikumbatia, akaniambia wangu yuko njiani anakuja. Siku ya harusi ya binamu yangu Nduku, mke wa mchungaji alinishika mkono katikati ya foleni ya chakula akaniambia, kwa upole wote, "Mwende, mwanamke ni ua. Ua halingoji. Likishanyauka hata nyuki hapiti." Nilikuwa nimeshika sahani ya wali. Nilimwambia asante, kwa sababu ndivyo mlivyonilea, kisha nikatembea na viatu vya kuazima hadi kwako Majengo, nikalia mpaka wanja ukafika kidevuni.

Hukunibembeleza. Ulisikiliza mpaka mwisho, ukauliza kulikuwa na nyama gani. Halafu ukanitoa nyuma, ukanikalisha juu ya debe, ukaniambia nitazame. Jua lilikuwa linashuka na tumba zote zilikuwa zimefumba. Tulikaa tukila njugu, na polepole zikaanza kufunguka, moja hapa, moja pale, mpaka ua mzima ukajaa harufu. "Yule mama anajua maua ya asubuhi tu," ulisema. "Kuna maua Mungu ameyapangia jioni. Hayakuchelewa. Hiyo ndiyo saa yake." Sikuwahi kukuambia maneno yale yalinifanyia nini. Jumatatu nilifungua saluni nikiwa na kichwa juu, na mpaka leo sijakiinamisha. Nakupenda, Shangazi, na nalisema hapa wasikie wote.

Sasa tufike kwa yale mambo ya askofu.

Wewe unayajua kwa upande wa Majengo. Kwa upande wetu yalianza na mfereji. Mama, kama ujuavyo, ni mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, na desturi yao ni kwamba akija mgeni mkubwa, kila mama hubandika waridi la Mama kifuani, juu ya sare, kisha huandamana wakiimba kumpokea. Fahari yake yote ilikuwa hapo. Mwaka ule maji yalikatika wiki nyingi, tukawa tunanunua ya mkokoteni, na Baba akatangaza kwamba yeye hataoga kwa kikombe ili maua yaoge kwa ndoo. Mawaridi yakakauka mpaka shina. Askofu alikuwa anakuja Jumapili. Ijumaa Mama aliniita chumbani, akatazama dari, akasema, "Enda kwa wifi. Usiseme nimekutuma. Sema tu anipe maua."

Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Lakini Jumamosi ulichuma asumini yote, yako na ile iliyovuka kwa jirani, ukafunga kikuba cha kila mama wa lile kanisa, ukavipanga kwenye sinia na kuvifunika kwa kitambaa chenye maji. Ukanipa na ujumbe, na ujumbe huo niliufikisha kama ulivyotoka kinywani mwako: "Mwambie wifi wavivae ndani ya kanisa, basi. Hivi si vya kutembea navyo njiani." Mama alifunua kitambaa. Akainama, akanusa, akafumba macho kidogo. Kisha akanyooka na kusema, "Ua ni ua. Kwani barabara itayakula?"

Njia ya maandamano ilipangwa na vijana wa kanisa, na vijana wakaona ni vyema injili ipite Majengo, kwa Waislamu. Na askofu naye, ili aonekane na watu wengi, akapangiwa kusimama mwisho wa ile barabara akingoja. Basi fikiria, ingawa wewe ulikuwepo. Asubuhi, jua limewaka, harufu imeamka. Mbele yuko Mama na bendera. Nyuma yake wako akina mama wa sare nyeupe na buluu, wengine wana wajukuu, kila mmoja amebandika kifuani kitu cha chumbani, na wote wanaimba juu ya safari ya mbinguni.

Wanawake wa Majengo walitoka milangoni. Kwanza walitazama vile vifua. Halafu mmoja akapiga kigelegele, wa pili akamwitikia, na mtaa mzima ukachukua. Bibi mmoja mzee akatoka na mrashi wake akawanyunyizia marashi safu kwa safu, hakumruka hata mmoja. "Mashallah," akasema, "maharusi wote hawa." Akainua macho, akamwona askofu kule mbele na joho lake la zambarau, amekunjua mikono. "Na bwana harusi ndiye yule mmoja?"

Mama hakusikia hilo la mwisho. Alisikia vigelegele tu. Alitugeukia, uso unang'aa kwa marashi, akasema, "Mnaona? Injili inapokelewa." Akawapungia mkono. Na wewe nilikuona mlangoni kwako, umeziba mdomo kwa ncha ya buibui, mabega yanaruka.

Aliyeleta maana yake kwetu ni nani kama si alizeti. Mama Shiru alikwenda kununua maharagwe kwa mama mmoja wa Majengo, akaelezwa, akarudi mbio, na kwenye mkutano wa akina mama akainua mkono. "Mwenyekiti," alisema, "kumbe tulikuwa tumevaa nguo ya ndani juu ya sare." Hakuna aliyecheka, kwa heshima. Mama aliufunga mkutano bila sala, jambo ambalo halijawahi kutokea, akaja moja kwa moja kwako, nami nyuma yake nikiwa bado na kitana mkononi.

Yaliyosemwa pale mlangoni unayajua, lakini nitayaandika, kwa sababu ndiyo yaliyotutenganisha. Mama alisema umemvua nguo mbele ya askofu. Ukasema ulituma neno. Akasema hakuna neno lililofika, kisha akanitazama, na nikaona anakumbuka kwamba lilifika. Mtu akigundua kosa ni lake, hapo ndipo hutafuta jiwe kubwa zaidi la kurusha. Mama alisema, na majirani wakasikia, kwamba wewe ulituacha siku ulipoacha kuitwa Syokau ukaolewa huko, na kwamba mtu aliyetupa jina lake hana watu. Hukupandisha sauti. Ulisema, "Jina nilibadilisha, wifi. Kaka sikubadilisha, na wewe sikukubadilisha." Ukafunga mlango taratibu. Ningependa ungeubamiza. Kabla mwezi haujaisha nikasikia umekwenda kwa binti yako Voi.

Lakini uliondoka mapema, Shangazi. Kuna mambo hukungoja kuyasikia.

Jumapili ile akina mama walirudi nyumbani na vikuba vyao kifuani, kwa sababu nani atatupa kitu alichopewa na mwenyekiti. Jumatatu saluni ikajaa watu ambao huzikumbuka nywele zao Krismasi tu. Waliketi, wakaguna, wakaongea habari ya bei ya vitunguu, na mwishowe kila mmoja akaniinamia sikioni. "Mwende, vile vitu vya shangazi yako, vinapatikana?" Mama Shiru mwenyewe aliniambia kwamba mumewe, mtu ambaye huingia nyumbani kwa ajili ya ugali na habari tu, alizima televisheni akamuuliza siku yake ilikuwaje. "Aki nilidhani ni malaria," aliniambia. Na Baba, siku chache baadaye, aliweka kikombe cha chai mezani, akapangusa mdomo, akamuuliza Mama mbele yetu sote, "Askofu anarudi lini?"

Kwa hiyo hakuna mama wa Jericho aliyebaki na aibu. Mama pekee ndiye aliyebaki na kitu, na wala haikuwa aibu. Ni kwamba Jumapili ilifika, chai ikachemka, na hakukuwa na mtu wa kumtukana.

Mtu wangu anaitwa Musyoka. Ni fundi wa umeme. Alikuja kutengeneza draya yangu, akarudi kuiangalia, akarudi tena kuiangalia ikiwa nzima kabisa. Faith, yule binti wa dada yangu anayenisaidia saluni, ndiye aliyenifungua macho. "Auntie, hii draya haina noma," alisema. "Mwenye ako na noma ni huyo msee." Ni mtu mpole, amefiwa na mke miaka mingi, na akiwa na wasiwasi huongea kama mtu anayekanyaga utelezi. Ungempenda.

Siku aliyokuja kumwona Mama, aliuliza watu wanawake hupelekewa nini, akaambiwa maua, akaenda akanunua ya kwanza aliyoyaona, meupe na manjano, yamefungwa utepe wa zambarau. Faith alimwona kutoka dirishani. "Manze, hizo si ni za matanga," alisema, na kabla hatujamzuia, Musyoka alikuwa ameshaingia na kumnyooshea Mama kwa mikono miwili. Mama akayatazama yale maua. Akamtazama yeye. "Nani amekufa?" akauliza.

"Bado, mama," Musyoka akajibu.

Shangazi, Mama alicheka mpaka akavua miwani. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu uondoke. Alicheka akageukia kushoto, upande uliozoea kukaa wewe, mdomo umefunguka kabisa, kama anayetaka kusema umesikia hayo. Akakuta ukuta. Alivaa miwani yake akaenda jikoni, na maji ya chai siku hiyo yalichukua muda mrefu sana kuchemka.

Kamati ya harusi imeundwa na mwenyekiti wake ni Mama Shiru, kwa hiyo hata watu wa Kariobangi wanajua nitavaa viatu gani. Wameamua rangi ya harusi ni pichi, na hakuna mwanakamati anayejua pichi inafananaje, kila mmoja ameleta kitambaa chake. Maua wanataka ya plastiki, kwamba picha zitatoka vizuri na yatatumika tena Nduku akibatiza mtoto. Faith ameniambia nisijali, "Auntie, utabamba hata ukibeba sukuma," yaani nitapendeza hata nikishika mboga. Mke wa mchungaji, yeye amekuja kunipongeza akasema ua langu limechanua hatimaye. Nikamwambia asante. Safari hii nilikuwa nimeketi na sikulia.

Na asumini yako ingali pale Majengo. Nilipita kuiona. Jirani sasa anasema yote ni yake, lakini anaimwagilia.

Jumamosi iliyopita watu wa Musyoka walileta ntheo. Wewe huhitaji kufundishwa, lakini kwa wasomaji wengine, hao ni mbuzi ambao bila wao, kwa Wakamba, hata uzae watoto wa kujaza basi, bado unahesabiwa mgeni kwa mumeo. Tulisema watuletee huku huku Jericho kwa sababu magoti ya Baba hayapendi tena safari za Kitui. Mbuzi walifungwa mbele ya nyumba na mtu ambaye hakutazama anawafunga wapi, na wakati wazee wanasalimiana ndani, walikula mawaridi mapya ya Mama, miiba na yote. Mama aliona kupitia dirishani. Mbele ya wakwe alitabasamu, lakini niliona mshipa wa shingo umetuna.

Kisha msemaji wao akafungua mfuko, akaanza kutoa vitu. Blanketi la baba, likapokelewa. Leso za mama, zikapokelewa. Akatoa leso moja nzuri sana, nyekundu, bado imo kwenye nailoni, akainuka nayo. "Hii ni ya shangazi wa bibi harusi," akasema. "Tunaomba tumwone."

Mzee mmoja wa upande wetu, mtu mwema anayependa mambo yaishe chakula kije, akasema hilo lisitusumbue, mama yake Nduku yupo, naye ni kama shangazi, apokee tu. Mama yake Nduku akaanza kuinuka. Mama akamshika bega akamkalisha. Akasimama yeye, katikati ya wakwe na wazee na nusu ya kamati, akakunja mikono juu ya tumbo kama afanyavyo akisoma somo kanisani.

"Shangazi wa huyu mtoto ni mmoja," alisema. "Anaitwa Zuhura. Yuko njiani."

Msemaji akauliza kwa heshima ametoka wapi. Mama akasema Voi. Mzee mmoja wa wakwe akapiga hesabu kichwani, akasema basi kwa saa hii atakuwa Emali. Wote wakamgeukia Baba, aliyeendesha lori kwenye barabara ile maisha yake yote. Baba alitazama viatu vyake. "Kuna msongamano," akasema.

Walikungoja, Shangazi. Walikula wakakungoja, wakanywa chai wakakungoja, na Mama kila mara alikuwa anasogeza pazia kutazama nje, kana kwamba ameshaanza kujiamini mwenyewe. Jioni wakaaga. Leso yako wakarudi nayo, wakasema wataileta siku ya harusi wakukabidhi mkononi.

Jana nilimsomea Mama barua hii yote. Alitaka nifute pale alipowapungia mkono wale wanawake wa Majengo. Nikakataa. Alitaka niandike kwamba mbuzi ni kosa la wakwe. Nimeandika. Tulipofika kwenye yale maneno ya mlangoni kwako alininyooshea kiganja ninyamaze, akakunja na kukunjua ncha ya kitambaa cha meza.

"Mwambie sijamsamehe," akasema mwishowe. "Alinicheka. Nilimwona. Mwambie hivyo."

Nikasema nitakuambia.

"Na yeye ana yake ya kuniambia. Makubwa kuliko yangu. Mwambie nitakaa chini niyasikie yote, sitamkatiza." Akainuka, akaenda hadi mlangoni, akarudi. "Lakini hayo si ya simu. Aje ayasemee hapa."

Basi nimekuambia. Wewe unamjua mama yangu. Ni mkali, ni mkaidi, lakini katika maisha yake yote hajasema uongo mbele ya wakwe, na ule mmoja aliousema, ameusema kwa ajili yako. Alisema uko njiani. Shangazi, tafadhali, ondoka Voi.

Mimi, mtoto wa kaka yako,

Mwende